Umeme Hauzoeleki



Kila mwaka vijana wachache kutoka shule yetu hushika kazi ya umeme. Wengine huajiriwa, wengine hufungua vibanda vya kutengeneza redio na simu, na wengine huzunguka nyumbani kwa watu wakivuta nyaya. Mimi ni mmoja wao. Kazi hii nilijifunza Busia, pande zote mbili za mpaka, na nimeifanya hata Tororo. Leo nataka kuwaeleza mwanzo wa elimu ya umeme kwa maneno mepesi, kwa kuwa nimeona kwamba wengi wetu huanza kazi kwa mkono kabla ya kuianza kwa akili. Katika useremala si neno sana, maana ubao ukikatwa vibaya huchukuliwa mwingine. Lakini katika umeme, gharama ya kutojua yaweza kuwa uhai wa mtu.

Liko neno moja linalopendwa na mafundi wa mitaani: "Mimi nimeuzoea umeme." Fundi husema hivyo akigusa waya kwa kidole ili ajue kama una moto, na watoto waliosimama kumtazama hucheka na kumsifu. Nitaonyesha kwa hesabu kwa nini neno hilo si kweli. Lakini kwanza yatupasa kujua umeme wapitaje.

Njia ya kwenda na njia ya kurudi

Sisi wa Busia tunao mfano mzuri. Katika miaka ya 1960 watu wa mpakani walianza kubeba abiria na mizigo kwa baiskeli, kutoka upande mmoja wa mpaka hata upande wa pili, na ndipo jina la boda boda lilipozaliwa. Sasa fikiri barabara ya duara iliyojaa baiskeli tangu mwanzo hata mwisho, zimeshikana gurudumu kwa gurudumu. Ukiisukuma moja mbele, zote husogea mara moja. Na ukiikata barabara mahali popote, zote husimama.

Ndivyo ulivyo umeme katika waya. Waya wa shaba si mrija mtupu unaongoja kujazwa. Umejaa tangu zamani chembe ndogo mno ziitwazo elektroni, na betri au mtambo huzisukuma tu. Ndiyo sababu taa huwaka papo hapo ukibonyeza swichi, ingawa elektroni zenyewe hutembea polepole kuliko konokono. Na ndiyo sababu waya mmoja peke yake hauwashi taa. Umeme hutaka njia ya kwenda na njia ya kurudi, na njia hiyo nzima, tangu chanzo hata kurudi kwenye chanzo, huitwa sakiti.

Mzee aliyenifundisha kutengeneza redio hakunipa bisibisi siku ya kwanza. Alinipa betri, globu ndogo ya tochi na kipande cha waya, akasema, "Haya, kijana, washa." Nilipowasha akaniuliza, "Umeme umepita wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole: kutoka kichwa cha betri, kwenye waya, ndani ya globu, hata kurudi kwenye kitako cha betri. "Vema," akasema. "Usiguse kitu chochote cha umeme duniani kabla hujaweza kunionyesha hivyo." Mpaka leo, nikiitwa penye taa isiyowaka au jokofu lililokufa, kazi yangu ya kwanza ni kuuliza swali lile la mzee.

Vitu vitatu vya kupima

Katika sakiti yako mambo matatu, na mwanafunzi akiyashika haya atakuwa ameshika nusu ya elimu.

La kwanza ni msukumo, nao hupimwa kwa volti. Jina hilo latokana na Alessandro Volta wa Italia, aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800. Jiwe la tochi lina volti 1.5, betri ya gari volti 12, na soketi ya nyumbani volti 240, Kenya na Uganda sawasawa.

La pili ni mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita kila sekunde, nao hupimwa kwa ampea. Katika mfano wetu ni hesabu ya baiskeli zinazopita mbele ya macho yako.

La tatu ni ukinzani, yaani ugumu wa njia, nao hupimwa kwa omu. Waya mnene na mfupi una ukinzani mdogo, na waya mwembamba na mrefu una ukinzani mwingi, kama vile njia nyembamba ya shambani isivyopitisha baiskeli nyingi kama barabara kuu.

Mwaka 1827 mwalimu mmoja wa Ujerumani, Georg Ohm, alitangaza kanuni inayoyaunganisha matatu hayo: volti ukizigawa kwa omu, wapata ampea. Ongeza volti, ampea zaongezeka. Ongeza omu, ampea zapungua. Tena, volti ukizizidisha kwa ampea, wapata wati, ndizo nguvu zinazotumika.

Tujaribu. Birika la umeme la wati 2,000 katika soketi ya volti 240 hutumia ampea 8.3. Televisheni ndogo ya wati 100 iliyofungwa kwenye betri ya sola ya volti 12 hutumia ampea ngapi? Gawa 100 kwa 12, utapata 8.3 vile vile! Mkondo ni sawa na ule wa birika, ingawa nguvu ni sehemu moja ya 20 tu. Nimewaona watu wengi vijijini wakifunga sola kwa nyaya nyembamba za spika, wakisema, "Ni volti 12 tu." Kisha hushangaa waya kupata moto na taa kufifia, wakaenda kulalamika kwamba betri ni mbovu. Betri haina kosa. Waya haulizi ni volti ngapi zinazousukuma. Hupata moto kwa ajili ya ampea zinazoupitia.

Kwa nini nyaya za Tororo ziko juu

Msafiri akikaribia Tororo huona ule mwamba mkubwa, kisha huona milingoti ya chuma ikivuka nchi, imebeba nyaya nene. Njia hiyo ina historia yake. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1954. Mwaka huo huo iliundwa kampuni ya Kenya Power Company ili ijenge njia ya umeme kati ya Tororo na Nairobi, maji ya Nile yapate kuwasha taa za Kenya. Kwa hiyo Tororo ukawa kama mlango kati ya nchi mbili, na umeme ukavuka mpaka wetu bila kuonyesha cheti.

Umeme ule husafiri kwa volti 132,000. Kwa nini nyingi hivyo, na nyumbani tunatumia 240 tu? Hesabu ya juu yatujibu. Tukiacha kando habari ya nyaya tatu zinazosaidiana, wati 1,000,000 zikipelekwa kwa volti 240 zingetaka ampea 4,167. Zikipelekwa kwa volti 132,000 hutaka ampea 7.6 tu. Na joto linalopotea njiani huongezeka kwa kipeo cha pili cha ampea: ampea zikizidi mara 2, hasara huzidi mara 4; zikizidi mara 10, hasara huzidi mara 100. Kupeleka umeme mbali kwa volti 240 kungekuwa kuwapasha moto ndege wanaotua juu ya nyaya.

Kazi ya kupandisha na kushusha volti ni ya transfoma, lile sanduku la chuma tulionalo juu ya nguzo. Ndani yake mna mafuta na nyaya zilizozungushwa juu ya chuma. Michael Faraday wa Uingereza alionyesha mwaka 1831 kwamba usumaku unaobadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu, ingawa nyaya mbili hazikugusana. Lakini lazima usumaku ubadilike, na ndiyo sababu umeme wa gridi huenda mbele na nyuma mara 50 kila sekunde. Umeme wa betri hausogei hivyo. Huenda upande mmoja tu, na transfoma haiutambui. Kile kituo cha sola cha Tororo cha megawati 10, kilichoanza kazi mwaka 2017, huzalisha umeme wa namna ya betri, kwa hiyo hapana budi ugeuzwe kwa mitambo iitwayo inveta kabla ya kuingia katika gridi.

Hesabu ya mkono wa mtu

Sasa turudi kwa fundi wetu anayesema ameuzoea umeme.

Mwili wa mtu nao ni njia, una omu zake. Ngozi kavu, yenye sugu, juu ya ndara za mpira, yaweza kuwa na ukinzani wa omu 100,000 au zaidi. Gawa volti 240 kwa 100,000: wapata ampea 0.0024. Fundi husikia kichomo kidogo, akacheka. Lakini mkono uliolowa, na miguu mitupu juu ya sakafu ya maji, huushusha ukinzani mpaka kama omu 1,000. Gawa tena: ampea 0.24. Mkondo umezidi mara 100, na soketi ni ile ile, na mtu ni yule yule.

Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California alipima mambo haya kwa miaka mingi. Aliona kwamba kwa kadiri ya ampea 0.016 misuli ya mwanamume hukaza hata asiweze kuuachia waya alioushika, na kwa mwanamke ni chini ya hapo. Zikifika karibu na ampea 0.1 zikapita kifuani, moyo huacha kupiga sawasawa, hutetemeka tu, na damu haiendi.

Nilimfahamu fundi mmoja wa mtaani kwetu, nisiyetaka kumtaja kwa heshima ya wanawe. Alikuwa hodari, mcheshi, na bei yake ilikuwa nafuu, hata watu walimwita kabla ya mwingine yeyote. Alipima nyaya kwa kidole miaka mingi, akasimama juu ya kigoda cha mbao, amevaa ndara. Majira fulani ya masika aliitwa jioni penye duka lililoingia maji. Mvua ilikuwa imemnyeshea njiani, na ndara alizivua mlangoni kwa adabu, kwa kuwa mwenye duka alikuwa amekwisha kupiga deki. Aligusa waya kama alivyogusa siku zote. Tulimzika siku ya tatu.

Watu matangani walisema mengi. Wengine walisema amerogwa, kwa kuwa haiwezekani mtu aliyeuzoea umeme auawe na umeme. Mimi nilikaa nikapiga hesabu niliyowaandikia hapa. Hakuwa ameuzoea umeme hata siku moja. Alikuwa na ngozi kavu tu, na ndara. Hesabu iliyomwokoa miaka yote ndiyo iliyomwua siku ile, ila namba moja ilibadilika.

Fyuzi, waya wa ardhi na karani wa mpakani

Wengi hudhani kwamba fyuzi huwalinda. Sivyo. Fyuzi ya plagi yetu ya miguu mitatu mara nyingi ni ya ampea 13, na tumeona kwamba ampea 0.1 zaweza kumwua mtu. Mtu atakufa na fyuzi haitajua. Fyuzi hulinda waya usishike moto na kuunguza nyumba.

Anayemlinda mtu ni waya wa tatu, waya wa ardhi, ambao mafundi huuita athi. Huo huunganisha mwili wa chuma wa pasi, birika au jokofu na fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Ikiwa waya wa moto umechubuka ndani na kugusa chuma, umeme hupata njia nyepesi ya kurudi, ampea huwa nyingi kwa ghafula, na fyuzi hukatika kabla mtu hajagusa. Ukiukata waya huo kwa kuwa "hata bila huo inawaka", umeyaacha mauti yakae kimya ndani ya chuma, yakingoja mkono.

Iko na kinga nyingine, bora kuliko hizo. Ni swichi inayolinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ifikirie kama karani aliyekaa mpakani Busia na daftari: baiskeli 100 zimekwenda, 100 zimerudi, hapana neno. Lakini wakienda 100 na kurudi 99, karani ajua kwamba mmoja amepotelea njia nyingine, labda kifuani mwa mtu, naye hufunga mpaka papo hapo. Zile za nyumbani hukata kwa tofauti ya ampea 0.03, katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Bei yake si ndogo kwa mtu wa kawaida, lakini matanga ni ghali zaidi.

Ukimkuta mtu amenaswa na umeme, usimshike, maana utakuwa wewe sehemu ya njia. Zima swichi kubwa kwanza. Ikiwa huwezi, na ni umeme wa nyumbani, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama mahali pakavu. Akiwa hapumui, anza kumkandamiza kifua kwa nguvu na kwa haraka, huku mwingine akiita msaada. Penye nyaya kubwa za nguzo zilizoanguka usikaribie kabisa. Kaa mbali, uwazuie na wengine, mpaka wenye umeme wauzime.

Mlango wa elektroniki

Aliyekwisha kuelewa hayo aweza kuingia katika elektroniki, yaani kazi ya redio, simu na vyombo vidogo. Hapa vifaa ni vingi, lakini vinne ndivyo wazee wa ukoo.

Rezista huleta ukinzani wa kadiri tunayotaka. Dayodi ni mlango unaofunguka upande mmoja tu: umeme waingia, haurudi. Kapasita ni kama pipa la maji nyumbani. Hujaa mfereji unapotoka, na hutoa mfereji unapokauka. Na transista ni koki: mkondo mdogo huongoza mkondo mkubwa. Transista ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwaka 1947 katika maabara ya Bell, na leo simu moja ya kisasa ina mabilioni yake.

Ona jinsi vinavyosaidiana. Redio ya nyumbani hutaka volti chache za kwenda upande mmoja, na soketi hutoa 240 za kwenda na kurudi. Transfoma hushusha, dayodi huzuia kurudi, kapasita husawazisha mawimbi. Basi mteja akileta redio inayovuma "mmm" chini ya sauti ya mtangazaji, fundi wa kubahatisha hubadilisha spika, kisha transista, na kumla mteja fedha. Fundi anayefuata njia ya umeme husema: dayodi zapitisha, lakini mawimbi hayasawazishwi, pipa limevuja. Hupima kapasita, huikuta imekauka, hubadilisha moja, na redio husema vema.

Lakini jihadhari: pipa hubaki na maji hata mfereji ukifungwa. Katika chaja na televisheni za sasa mna kapasita zinazobeba volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Pima kwanza, ndipo uguse.

Namna ya kuanza

Mwanafunzi anayetaka kazi hii asianze na soketi ya ukutani. Aanze na mawe ya tochi, globu, swichi na waya. Afunge globu mbili kwa kufuatana, aone zinavyofifia. Kisha azifunge sambamba, aone kila moja ikiwaka sawa na peke yake. Ajiulize kwa nini, aandike jibu daftarini. Halafu anunue mita ya kupimia, hata ya bei rahisi, ajifunze kupima volti za mawe na omu za globu. Fedha za kwanza za fundi ni za mita. Koleo na bisibisi zifuate. Akiisha kuzoea hesabu, na atafute chuo au fundi mwenye leseni, afundishwe umeme wa nyumba chini ya macho ya mkubwa.

Kabla ya kugusa, azime. Akiisha kuzima, apime. Akiisha kupima waya uliozimwa, apime tena mahali anapojua pana moto, ahakikishe kwamba mita yenyewe haijafa. Fundi niliyemzika alikuwa na mikono yenye akili kuliko yangu. Mita hakuwa nayo.

Wazee wetu walisema mazoea yana taabu. Umeme wa Jinja unaopita Tororo na kushuka Busia hausikii sifa zetu wala haukumbuki kwamba jana tuliugusa tukapona. Kila siku hupiga hesabu yake upya, volti kwa omu, nasi yatupasa tuipige kabla yake.